Miaka 11 nachua watu Kampala: masaji inasaidia nini mwilini, na wapi tunadanganyana

BintiKambini (mwenye uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mteja wangu, fundi cherehani wa Kiyembe Lane, alimaliza saa yake mezani, akawa anafunga vifungo vya shati taratibu kama mtu mwenye neno. Mwisho akalitoa: "Dada, hii kazi yako inatibu au inabembeleza tu?" Nikamjibu kwa mzaha, akalipa, akaenda zake. Lakini swali lilikaa nami ndani ya takisi, foleni yote mpaka Ntinda. Uzi huu ndio jibu lake. Ni mrefu, mwenye haraka apitilize.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa kambini Jinja, baba askari, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kabla ya Kilango, lugha ya mama. Baba akirudi kutoka mazoezini hawezi hata kuinama avue buti, mama alikuwa anachota moo yao kwa kidole, anaiweka kwenye kifuniko cha sufuria juu ya jiko la mkaa, ikishayeyuka anaanza kazi. Kwa msioijua, moo yao ni mafuta ya mbegu za mti wa shea wa huku kaskazini, Lango, Acholi na West Nile. Shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi; iache nje mchana wa Lira uone kama hutaikuta imekuwa uji. Harufu yake wengi hawaipendi. Mimi nikiisikia tu, mabega yananishuka yenyewe.

Baadaye nikasoma kozi ya masaji, nikakaa miaka 3 nikimsaidia mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, kisha nikafungua kijichumba changu. Mimi si daktari wala si fizio. Nasema kabla hamjanisema.

Haya, jibu.

Mkono haufiki kwenye msuli bila kupita kwenye ngozi. Wengi wanalisahau hilo, wanadhani kazi yote iko chini huko. Ngozi imejaa vipokezi: vya mgandamizo, vya mtetemo, vya joto. Mwaka 2021 Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi vinavyoufanya mwili uhisi joto na mguso. Halafu kuna nyuzi nyingine nyembamba za neva, kwenye ngozi yenye vinyweleo, ambazo ni kama zimewekwa pale kupokea upole. Zinaitikia vizuri mkono unaopita polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ukipita mbio kama unafuta meza ya hoteli, haziitikii sawasawa. Mama hakusomea neva, ila kiganja chake kilikuwa kinatoka shingoni kwa baba hadi kiunoni kwa pumzi mbili nzima. Siku nilipofundishwa zile sentimita darasani nilicheka peke yangu, wenzangu wakageuka kuniangalia.

Kuhusu maumivu, mwangalieni mtoto aliyejigonga goti. Anasugua, na hakuna aliyemfundisha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango: habari za mguso zikifika kwa wingi, habari za maumivu zinabanwa, zinapita chache. Nadharia yao imerekebishwa sana tangu hapo, kiini kimebaki. Ndiyo sababu mtu anaingia kwangu amejipinda na anatoka amenyooka, wakati mifupa yake na zile diski za katikati ya pingili ziko vilevile alivyokuja nazo. Ubongo ndio umeacha kuusikiliza ule mgongo kwa hofu.

Na msuli je? Msuli uliokaza mara nyingi haujaharibika, umeamriwa ukaze. Ubongo ukihisi hatari unaweka ulinzi. Nikiubinya kwa hasira unazidi kukaza, kama mtoto anayelazimishwa kufungua mdomo anywe dawa. Nikienda taratibu, kwenye dakika ya 15 hivi, nasikia tumbo la mteja linanguruma. Wengine wanaona haya, wanaomba samahani. Mimi ndiyo ishara niliyokuwa naisubiri! Ule upande wa neva unaohusika na kupumzika na kumeng'enya chakula umeamka. Mapigo ya moyo yanapungua, pumzi inashuka tumboni, presha nayo inateremka kidogo. Kwa hiyo simruhusu mtu ashuke mezani kwa kuruka. Kaa kwanza, hesabu hadi 20, ndipo usimame. Kuna mzee mmoja alikaidi, akaanguka na pazia langu.

Sasa tunapodanganyana.

"Masaji inatoa sumu mwilini." Sumu ipi? Kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo, na hawadai hata shilingi. Ukimaliza kuchuliwa kunywa maji kama una kiu, basi.

La pili wanalipenda wakimbiaji na wacheza mpira, kwamba tunakamua asidi ya laktiki kwenye misuli. Laktiki huondoka yenyewe, ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Maumivu ya kesho yake na keshokutwa ni ya nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakachua mguu mmoja dakika 10, wa pili wakauacha, kisha wakachukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano wakavipima. Laktiki haikutofautiana. Ila mguu uliochuliwa ulikuwa na dalili pungufu za inflamesheni, ule uvimbe na joto la msuli ulioumia, na seli zake zilionekana kujiandaa kuongeza mitokondria, vile vinavyozalisha nishati ndani ya seli. Faida ipo, sababu tuliyokuwa tunaitangaza ndiyo si yenyewe. Watu 11 ni wachache, najua. Lakini tangu nisome habari hiyo nimeacha kumwambia mteja neno "laktiki".

La tatu, kitambi. Jamani. Ningekuwa na uwezo wa kukanda kitambi kikaisha ningekuwa bado napanda takisi?

Kiuno ndicho kinacholeta watu wengi zaidi kwangu, nako tuna la kusema. American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani, kilitoa mwongozo mwaka 2017 kwamba maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa, na masaji imo kwenye orodha pamoja na joto. Wenyewe wanakiri kuwa nafuu yake si kubwa sana na ni ya muda mfupi. Hapo ndipo lilipo jibu la fundi wangu. Anakaa kigodani saa 10 kwa siku, kichwa kimeinamia sindano, mguu mmoja kwenye pedali. Mimi namfungua Jumamosi, anapata ahueni ya siku mbili tatu. Ahueni hiyo ndiyo ya kutumia: atembee, anyooshe kifua kwenye fremu ya mlango, apandishe meza ya cherehani kwa matofali mawili. Asipoitumia, Jumamosi tunaonana tena, na mimi pesa napata. Kwa hiyo inatibu au inabembeleza? Inabembeleza mwili mpaka ukubali kutibiwa, na anayemalizia tiba ni yeye fundi.

Kuna kundi moja ambalo kubembeleza kwenyewe ndiko tiba: watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake huko Miami walichapisha habari za vichanga waliochuliwa mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 kuliko wenzao ambao hawakuchuliwa. Hapa Buganda bibi anamwogesha mjukuu kwa ekyogero, maji ya mitishamba, kisha anampaka mafuta na kumkunjua mikono na miguu. Mitishamba siisemei. Mikono ya bibi naisemea vizuri, mradi asivute viungo na asiguse utosi.

Mwisho, wa kutoguswa. Hapa naomba msome hata kama mmeruka kwingine kote.

Miaka 4 iliyopita alikuja dereva wa lori la masafa, mtu mkubwa, mcheshi, ametoka Mombasa. Akasema muundi wa kushoto umekaza tangu Eldoret, akaniomba niupige kisawasawa. Nikauangalia. Ulikuwa unang'aa. Nikaushika, wa moto kuliko wa kulia. Nina tepu ya cherehani kwenye droo, nikapima miundi yote miwili, sehemu ileile chini ya goti. Kushoto ulizidi kwa sentimita 4. Nilifundishwa kuwa mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3 baada ya kukaa muda mrefu, fikiria damu iliyoganda ndani ya mshipa. Nikiisugua, donge linaweza kung'oka likapanda mpaka mapafuni, na hapo mtu anakufa mikononi mwangu, na mafuta yangu bado yako juu yake. Nikakataa pesa yake. Alikasirika, akasema ametoka mbali. Nikamfunga shuka nikamwitia gari aende hospitali. Walimpiga picha wakalikuta donge. Siku hizi akipita Kampala ananiletea korosho.

Wengine nisiowagusa: mwenye homa, mwenye jeraha bichi au mfupa uliovunjika, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asiyeniambia mapema. Huyo wa dawa nilimwumiza mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili. Aliniambia "weka nguvu", nikaweka. Kesho yake mgongo wake ulikuwa na madoa meusi kama embe lililoanguka. Tangu siku hiyo nauliza dawa kabla ya kuuliza jina. Na mwenye maumivu ya mgongo yasiyopungua hata akilala, akawa anatoka jasho usiku na nguo zinamlegea: kifua kikuu hukaa kwenye uti wa mgongo pia, si mapafuni tu. Huyo ni wa hospitali.

Nimesahau vinyozi! Mnajua saluni zetu hapa, ukimaliza kunyolewa dada anakuosha kichwa, anakukanda mabega, tamu kabisa. Halafu anashika kidevu na kisogo, kraak! Mkataeni hapo. Shingoni mna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kusokotwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja wake na mtu akapata kiharusi. Haitokei kila siku, lakini ule mlio haukuongezei kitu chochote.

Karibuni kwa maswali.

---

JirandaWaKabalagala:

Uzi mtamu dada. Ila hujasema kuhusu ile huduma ya ziada, au hiyo ni kwa wenye kadi?

---

BintiKambini:

Nilikuwa nakusubiri wewe au ndugu yako.

Ipo. Nakukata kucha.

Lakini kwa kuwa umelianzisha, acha nilimalize. Chumba changu cha kwanza nilifukuzwa baada ya wiki 5. Niliandika kibao MASAJI kwa rangi nyekundu, mwenye nyumba akaambiwa na majirani kuwa amekodisha danguro. Nilimwonyesha cheti, akakisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema "mwanangu, mimi ni mtu wa kanisani". Kodi ya mwezi wa pili hakunirudishia. Siku hizi kibao kinasema "Kuchua mgongo na viungo", rangi ya kijani, mlango una kioo, na mteja wa kiume anakuja amevaa kaptura. Wanaofanya ile biashara nyingine wanajitafutia riziki, siwahukumu. Ila neno letu wamelichukua na sisi ndio tunaolipia.

---

FizioWaMbarara:

Pongezi dada. Mimi ni fizio, nimesajiliwa na Allied Health Professionals Council, baraza la wataalamu wa afya wa fani kama yangu, kwa hiyo nina maneno mawili ya ugomvi.

La kwanza, umesema vizuri kwamba nafuu ni ya siku mbili tatu, lakini wenzako wengi hawasemi. Kwenye kliniki napokea watu waliochuliwa kila wiki kwa miezi 6 kwa ajili ya kiuno ambacho kingepona kwa wiki 6 za mazoezi. Mtu anazoea kulala atengenezwe. Anaanza kuamini mwili wake ni gari bovu lisiloweza kutembea bila fundi. Hilo ni dhara hata kama hakuna damu iliyomwagika.

La pili, yale "mafundo" ya misuli ambayo nyie wachuaji mnayatafuta kwa kidole gumba. Mkipewa mgongo mmoja wachuaji watatu, kila mmoja atayakuta mahali pake.

Na nyongeza kwa watu wa huku kwetu. Kitagata, wilaya ya Sheema, kuna chemchemi mbili za maji moto. Moja inaitwa Ekyomugabe, ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, nyingine watu wameipa jina la Mulago kwa sababu wanakwenda kutafuta uponyaji kama hospitali. Wazee wenye viungo vinavyouma wanalala kando yake siku nzima, wanachuana wao kwa wao. Joto linalegeza viungo kweli, sibishi. Lakini mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asiingize mguu, na asikandwe kwa maji ya moto nyumbani pia. Haungui akajua. Nimeona malengelenge ukubwa wa yai.

---

BintiKambini:

Daktari, la kwanza nalibeba lote. Mteja wa kiuno nampa mara 4, akirudi ya 5 hana mabadiliko namleta kwenu. Nimeshapoteza wateja kwa sheria hiyo, wanasema nina majivuno.

La mafundo tutagombana. Nakubali hatukubaliani yako wapi. Lakini nikiweka kidole pale kati ya bega na shingo mteja akasema "hapohapo, na inapanda mpaka sikioni", basi pana kitu, hata kama hamjakipa jina mlilokubaliana.

---

FizioWaMbarara:

Pana maumivu. Fundo sijaliona.

---

MamaPacha:

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi niko Mbale, nina wiki 7 tangu nijifungue kwa kisu. Mama mkwe ni wa kutoka pwani, ananisimamia na beseni na taulo anikande tumbo "nisibaki na uchafu". Nimekataa mara mbili, nyumba imenuna. Nimkatalie mpaka lini?

---

BintiKambini:

Hongera kwa mapacha, mama. (Jina lako limekusema.)

Mkunga huusugua mfuko wa uzazi kwa mkono mara baada ya kondo kutoka, kama umelegea, ili ukaze na damu isivuje. Nafikiri kanda ya bibi zetu imekopa kwenye ujuzi huo, ila ikaongeza maji yanayochemka. Mfuko unajisafisha wenyewe. Tumboni penye mshono pasiwekwe joto wala nguvu. Mkwe usimkatalie mikono yote, mpe pa kuiweka. Mwambie mgongo na miguu vinakuuma kwa kubeba watoto wawili, na si uongo. Akandie huko, maji ya vuguvugu, jioni watoto wakilala. Mzazi anayeguswa kwa upole analala vizuri zaidi, na mkwe atapata la kusimulia kijijini kwao. Kovu lenyewe, muulize daktari ukienda kliniki lini uanze kulichua kwa kidole. Kuna wakati wake.

---

MwalimuFortPortal:

Mama yangu mzazi, Kamwenge, miguu yote miwili imevimba kwa miaka, ngozi imekuwa ngumu kama gome. Jirani anasema achuliwe kwa mafuta ya samli kwa nguvu "maji yashuke". Ni sawa?

---

FizioWaMbarara:

Mwalimu, hapo usimchue mtu kwa nguvu. Mwaka 2015 huko huko Kamwenge watu walidhaniwa wana matende ya mbu, wakapimwa, ikagundulika ni podokoniosi: chembe za udongo wa volkeno zinaingia kupitia nyayo zisizo na viatu kwa miaka mingi, zinaharibu mirija ya limfu, yale majimaji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu. Limfu haina moyo wa kuisukuma, inategemea mirija yenyewe kujibana, misuli ikitembea na pumzi. Mirija ikiharibika maji yanakaa.

Kuna uchuaji wa limfu, lakini ni mwepesi mno, unaivuta ngozi tu, kama unasogeza kitambaa juu ya meza. Cha kwanza ni kuosha miguu kila siku kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kuinua miguu akikaa, na viatu. Viatu, mwalimu. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie kama ndiyo yenyewe, maana moyo na figo pia huvimbisha miguu yote miwili.

---

Utingo256:

Habarini. Tuko foleni Malaba upande wa Kenya, mzee wangu anaendesha tangu Mombasa. Nimemsomea ile ya muundi kwa sauti akaacha kula. Sasa anasema miguu yake imevimba na yeye. Buti haziingii. Nifanye nini? Tepu sina.

---

BintiKambini:

Mguu mmoja au yote miwili?

---

Utingo256:

Yote. Sawasawa.

---

BintiKambini:

Kuna maumivu kwenye muundi? Umoto? Anahema?

---

Utingo256:

Hapana. Anahema akinitukana tu.

---

BintiKambini:

Basi tupumue. Miguu yote kuvimba sawa baada ya siku mbili kwenye kiti, mara nyingi ni maji yametuama kwa sababu misuli ya miundi haijafanya kazi. Mshushe atembee foleni nzima na kurudi, kila saa dakika 10. Ndani ya gari awe anapandisha na kushusha visigino. Usiku alale miguu juu ya begi. Ukitaka kumchua, anzia vifundoni kupanda magotini, viganja bapa, mwepesi. Akiamka kesho na uvimbe uko palepale, au mmoja ukizidi mwenzake, au kifua kikimbana, hakuna kusubiri kuvuka. Na akapimwe presha, anakula chumvi ya kwenye vibanda mwezi mzima.

---

Utingo256:

Sawa dada. Swali lingine ni lake si langu: choo siku ya 3 hakijapatikana.

---

BintiKambini:

Alale chali, magoti juu. Anzia chini kulia, karibu na mfupa wa nyonga, panda mpaka chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, shuka mpaka nyonga ya kushoto. Njia hiyo ndiyo ya utumbo mpana wenyewe, ukigeuza unarudisha mzigo ulikotoka. Dakika 10, mkono wake mwenyewe, si wako. Maji, papai. Chapati zipumzike.

---

JirandaWaKabalagala:

Hapo kwenye "mkono wake mwenyewe" utingo amepona.

---

Utingo256:

Kashuka. Anatembea kandokando ya malori na kandambili, anahesabu namba za gari kwa sauti. Madereva wengine wanamwuliza amepoteza nini. Foleni imesogea gari 2, sijui nimwite au nimwache amalize.

---

BintiKambini:

Mwache amalize.